Nitampunguzia Kiunoni

Fundi mwenzangu, kitabu cha vichekesho cha mdogo wake nilimsomea mimi, yeye akiwa anapiga pasi. Tunashona chumba kimoja, na siku hizo hakuna mteja aliyetoka bila kuonyeshwa jalada. "Mdogo wangu huyu. Kaandika maisha yetu!" Mtu mzima, kichwa kimemvimba kwa furaha.

Tulicheka, sikatai. Ile ya jogoo aliyemfungia mwandishi chooni ilitutoa machozi. Halafu tukafika kwa baba yao.

Daktari, aliandika, alisema, "Mzee amepungua sana." Dada yake, fundi hadi kwenye mifupa, akajibu, "Basi nitampunguzia kiunoni." Na yeye mwandishi alikuwa pale kando ya kitanda, kauma shuka asiangue kicheko.

Pasi ikaganda juu ya sketi ya mtu mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

Habari ile nilikuwa naijua. Baba mtu alikuwa macho, anamsikiliza daktari, na dada alijibu vile ili mzee asishike maana. Mzee akatabasamu. Yeye na dada hawakusemezana tena mpaka mzee akafariki. Dada alimpigia simu mdogo wake akamsimulia huku analia, kwani bwana yule, ugonjwa wote ule, hakukanyaga wodini. Eti ana kazi! Wapo wanaochumia juani wakalia kivulini. Huyu juani hakutokea kabisa, na kivulini kala yeye. Nilitamani nimchape na kitabu chake mwenyewe.

Kesho yake akaja, koti mkononi.

"Dada, nibanie kidogo mabegani. Jumamosi nawasomea watu. Ile ya baba ndiyo wanayoitaka."

Dada hakulipokea. "Ulisimama upande gani?"

"Wapi?"

"Kitandani kwa baba."

Akacheka, akanitazama mimi nimsaidie. Nilimkazia macho.

"Dada naye! Si utani tu? Hadithi lazima uitie chumvi."

"Chumvi sijakuuliza. Kile kitanda upande mmoja kiligusa ukuta. Upande wa pili nilikaa mimi. Wewe ulisimama wapi?"

Akaanza kulikunja koti, akalikunjua.

"Wanacheka sana pale, dada," akasema taratibu.

"Wacha wacheke. Hata baba alitabasamu." Akarudi kwenye pasi yake. "Jumamosi isome. Ila wewe jitoe mle ndani. Tuache mimi na baba."