Muuguzi Aliyewafungia Dirisha

Yule muuguzi wa maradhi ya akili pale Tororo hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kuketi alifunga dirisha, maana siku zile za utawala wa jeshi neno moja likisikika liliweza kumpoteza mtu. Kisha alivua saa yake, akaitia mfukoni, akalaza mikono mapajani. Akiuliza swali alingoja jibu, hata mtu anyamaze mpaka chai ipoe. Mwanzoni subira hiyo ilimchosha Habibah, aliyemleta mumewe kutibiwa. Mume huyo, Muzamiru, dereva wa lori wa Busia, alikuwa amerudi kutoka kizuizini hasemi, analala sakafuni mbali naye, na Habibah akaamini kwamba hapendwi tena.

Siku moja wote watatu wakiwa chumbani mwa muuguzi, gari la askari lilisimama nje, na buti zikasikika barazani. Muzamiru akajikunyata. Muuguzi akasogeza kiti chake karibu naye.

"Hata mimi naogopa, mzee," muuguzi akasema kwa sauti yake ileile ya chini. "Wacha tuogope pamoja. Watapita."

Buti zilipotokomea, Muzamiru alimgeukia mkewe. "Mama Jamilu, kule walitupiga tukiwa usingizini. Nikilala karibu yako, naogopa nitashtuka nikupige wewe."

Habibah alilia kwa shukrani. Miezi yote ile alidhani amechukiwa, kumbe alikuwa akilindwa. Muuguzi alisogeza kiti chake nyuma kidogo, akawaachia nafasi.