Juisi Niliyoibeba Kwenda Bwera

Nilipojiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya sera za ulevi, darasa la jioni hapa Kasese mjini, majirani zangu wa mtaa wa Nyamwamba walielewa jambo moja tu: kwamba sasa kuna digrii ya kunywa.

"Mtihani iko namna gani?" fundi baiskeli wa mtaani aliniuliza. "Mnapewa chupa ngapi?"

Nikamwambia chupa saba, na atakayebaki amesimama ndiye profesa. Aliamini wiki nzima.

Mchana nilikuwa karani wa ghala la pamba. Jioni nilibeba vitabu vizito hata bega langu la kushoto likashuka, na halijapanda mpaka leo. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nimalize, nipate ofisi yenye feni, niandike sheria ndogo za kukamata walevi. Mwenzangu wa dawati, askari kutoka kambini, aliupenda sana mpango huo.

"Mlevi ni kukamata, kuweka ndani, kwisha!"

Mwalimu wetu, mama mpole asiyepandisha sauti hata jenereta ikinguruma, alimtazama. "Na siku ya kutoka, afande? Anarudi kwa nani?"

Afande akaliandika swali hilo daftarini. Mimi sikuandika. Niliona haliwezi kuja kwenye mtihani.

Lilikuja, ila si darasani. Kaka yangu mkubwa anaishi Bwera, mpakani na Kongo. Pombe ilikuwa imemnyang'anya kazi ya udereva na nusu ya marafiki. Mwaka ule alikuwa ametimiza miezi mitano bila kugusa tone. Ndipo binti yake akaposwa. Kwetu, siku ya kumtoa binti, baba yake huonja kibuyu cha kwanza cha pombe ya ndizi mbele ya watu wote, kisha hukikabidhi kwa mzee wa upande wa bwana harusi. Asipoonja, ni kama hajamtoa. Kaka akanipigia simu.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unasomea hii kitu. Nikionja, sitaishia kuonja. Nisipoonja, mtoto ataolewa namna gani?"

"Usijali," nikamjibu, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana feni. "Nitakuja na dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa juisi. Pombe yetu, kabla haijatiwa mtama na kulazwa ichachuke, ni juisi tamu tu ya ndizi zilizokamuliwa. Rangi ni ile ile. Nani angejua? Siku moja kabla ya sherehe nikaenda Rukoki kwa wakamua ndizi, wakanikamulia, nikajaza jerikani la lita ishirini nililoazima kwa jirani, nikaondoka nalo kwenda Bwera. Joto la Kasese siku ile lingeweza kuchemsha chai mfukoni.

Asubuhi shangazi yetu, ambaye amewapikia pombe watu wote wa Bwera na nusu ya Kongo, akalifungua. Kifuniko kikaruka juu ya paa. Nadhani kilivuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Povu likafuata. Shangazi akachovya kidole, akaonja.

"Hii jerikani ilikuwa na nini mbele?"

"Pombe ya jirani. Lakini nililisuuza, shangazi."

"Ulisuuza! Chachu inaogopa kusuuzwa? Eh, musomi, umetembea na pombe kutoka Kasese mpaka hapa, tena kali kuliko yangu!"

Wanawake waliokuwa wakimenya matoke walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilianza kucheka, ndipo nikamwona kaka. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la sherehe, macho kwenye povu. Akameza mate. Sijasoma ukurasa wowote ulionifundisha kama lile koo lilivyopanda na kushuka.

Shangazi naye alimwona. Alilibeba jerikani lote akaenda kulimwaga nyuma ya migomba, akarudi akidai ndizi mbivu na majani ya kukamulia. Wageni walikuwa wameshakaa chini ya turubai. Nikavua koti, nikakamua nami.

"Na wakwe mutawaambia nini?" shangazi akauliza.

"Hakuna haja," nikasema. "Rangi ni moja."

"Hapana," kaka akasema. "Nitawaambia."

Akasimama mbele ya watu, kibuyu mikononi. "Wakwe, hii ni juisi ya leo asubuhi. Pombe iliniangusha. Nimeamka, na sitaki kuanguka siku ya mtoto wangu." Akanywa, akakinyoosha kibuyu.

Mzee wa upande wa pili hakukipokea mara moja. Alichungulia ndani. Nilisikia kuku akitembea.

"Mukwe," akasema hatimaye, "sisi tulikuja kuchukua mutoto. Ulevi yako hatukuiomba. Leta." Akanywa, akakunja uso. "Lakini iko utamu! Meno yangu mbili zilizobaki zitaniacha leo."

Vigelegele vikapigwa. Binti alikuwa ametolewa.

Niliporudi darasani nilitupa sura nzima ya utafiti wangu iliyohusu kukamata, nikaandika upya, juu ya vibuyu vya sherehe na mtu anayejaribu kuacha. Mwalimu aliandika maneno mawili pembeni: "Sasa umejibu."

Kazi niliipata, ya kusaidia kata kutunga sheria zao ndogo za pombe. Feni sikupata. Kila ninakotumwa naanza kwa wapika pombe, nakaa nao pale wanapokamulia, na kwanza nawasimulia habari za jerikani ili wanicheke vizuri. Baada ya hapo husema mambo ambayo hawamwambii mtu mwenye karatasi.

Bwera, shangazi sasa huandaa vibuyu viwili. Katika harusi iliyofuata kaka alikaa benchi la pembeni na kile cha juisi. Wanaume wawili wakatoka katikati ya wanywaji, wakasimama mbele yake wakikitazama kibuyu chake. Kaka akasogea, wakakaa.