Majembe Yaliyolazwa kwa Ajili ya Sikudhani

Nakumbuka asubuhi moja ya palizi hapa Tlawi, mwanangu, magugu yamekaribia kuyafunika maharage, na bibi yangu mzaa baba akakataa kushika jembe.

Nilikuwa darasa la saba, nimeazima kitabu cha hadithi kwa mwalimu. Bibi Kiswahili kilimpiga chenga, kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo kisha nikamsimulia kwa Kiiraqw, lugha yetu, huku tukichambua maharage. Kilihusu mwanamke wa mji wa mbali, jina lake Sikudhani, mpole, mwenye mume mlevi. Bibi alimpenda mno! Na yule mume, Bibi alimgombeza kana kwamba kaketi pale kwetu. Alasiri ya kuamkia asubuhi ile tulifika mahali ambapo Sikudhani alifariki akijifungua, mtoto akabaki hai.

Na kwetu, jirani akifariki, majembe hulazwa mpaka azikwe. Basi Bibi akajifunika shuka, akakaa mlangoni. Majirani wakaja kuuliza ni nani aliyefariki. Akawajibu bila kupepesa macho, "Sikudhani."

Baba alipoelewa, alifoka.

"Mama, huyo siyo mtu! Ni uongo wa kwenye karatasi. Kitabu kirudi kwa mwalimu leo leo, na huyu binti asilete kingine hapa."

Bila vitabu ningebaki na nini?

"Jana nimemlilia," Bibi akasema. "Umewahi kuniona nikililia uongo? Najua alivyopika, najua alivyoonewa. Wako majirani hapa nisiowajua hivyo. Na aliyemleta nyumbani ni huyu mtoto. Hutamfunga mdomo nikiwa hai."

Baba alikuwa mkali, lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa nyumba ile alikuwa Bibi. Kitabu kikabaki. Baba akabeba jembe, akaenda shambani peke yake. Kabla ya saa sita alisharudi. Akakaa kwenye kigoda akikwangua udongo kwenye jembe ambalo, niliona, halikuwa na udongo wowote.

"Na yule mtoto mchanga," akauliza bila kunitazama, "nani anamlea?"

"Sijafika huko, Baba."

"Sasa unangoja nini? Soma."

Tangu siku hiyo hakuna aliyenizuia kusoma. Nimekuwa mwalimu, nimezeeka, na kila nikimkumbuka Bibi pale mlangoni kifua kinanijaa fahari. Hakujua herufi hata moja, lakini sijapata kuona msomaji wa kumfikia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimlilia mtu wa kitabuni usione haya, wala usimcheke anayelia. Mtu ni watu, na wengine tunawapata kwa kusoma. Ila ukishafunga kitabu, toka ukabishe hodi kwa jirani aliye hai, maana huruma uliyojifunza kwa Sikudhani ni yake pia.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mvua ya kiasi. Na siku utakayosoma kwa sauti, akupe mtu wa kukuuliza, "Na yule mtoto, nani anamlea?"