Nilivyowaeleza Watu Orchard Hill

Mnacheka nini, hata sijaanza? Haya chekeni, maana siku ile wazazi wenu nao walicheka, na kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Mkasa huu siupendi, nikiukumbuka uso unanichoma mpaka leo, lakini mmeniuliza kwa nini tunaitwa Kwemkuyu, yaani penye mkuyu, na mkuyu wenyewe hapa hakuna, basi kaeni niwaambie.

Enzi zile za kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi juzijuzi kutoka Marekani ambako kanisa lilinipeleka kusoma mwaka mmoja, na jamani nilikuwa sishikiki! Koti langu refu la sufu nilikuwa navaa mpaka nikienda kuchota maji, na kila neno langu lilianza na "kule Marekani." Baba yangu, Tate kama tunavyosema kwetu, alikuwa akiishi juu kule, Kwemkuyu ya zamani, upande wa msitu wa Magamba, na huko mkuyu ulikuwepo kweli, mkubwa, chini yake chemchemi, na ng'ambo ya chemchemi makaburi ya babu zetu na la mama yangu. Serikali ikasema wote washuke huku barabarani. Watu wa juu wakagoma, wakamtuma Tate akawasemee.

Mkutano ulikuwa hapahapa uwanja wa shule. Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani (jina lake nalihifadhi), kakaa kwenye kiti, sisi walimu kwenye benchi pembeni yake. Tate akasimama, kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kutafutatafuta:

"Ndugu mkubwa, pale pana jina kwa sababu pana mti na pana maji. Mkituleta huku tutaitwa watu wa wapi? Na wenzetu waliolala pale tuwaachie nani?"

 Yule bwana akajikuna kidevu, akamnong'oneza mwenzake, halafu akasema labda, labda tu, watu wa juu wahesabiwe kama tawi la kijiji wabaki hukohuko. Labda ile niliisikia kwa masikio yangu haya. Tate alikuwa bado amesimama anangoja neno la mwisho, na ninyi mnajua kwetu mzee akiwa amesimama mtoto hafungui mdomo mpaka aketi. Sasa yule bwana, kwa kutaka tu kulainisha mambo, akanigeukia na koti langu.

"Eti mwalimu, huko Marekani ulikaa mahali gani?"

Ningetaja jina nikanyamaza! Lakini mimi nani? Nikainuka.

"Orchard Hill, mzee. Kitongoji cha nje ya mji. Maana yake Kilima cha Bustani ya Matunda."

"Ahaa! Kwa hiyo matunda mlikula sana."

"Thubutu! Hakuna hata mti mmoja. Matunda yao ya kopo."

Watu wakaangua kicheko, na mimi kicheko kikinipata sisikii tena.

"Na kilima je?"

"Tambarare kama meza!"

Wakacheka mpaka akina mama wakashikana mabega. Basi nikamwaga yote: kwamba zamani bustani ilikuwepo, wakafyeka, wakajenga nyumba zinazofanana kama mayai, jina wakaliacha kwa sababu linapendeza, wameliandika kwenye kibao kikubwa barabarani, na ukimwuliza mtu anatoka wapi anakwambia Orchard Hill kifua mbele, wala hajui tunda linaotaje.

Yule bwana hakucheka. Alisimama polepole.

"Wananchi, mmemsikia mtoto wenu. Kumbe jina halihitaji mti. Basi Kwemkuyu haifi! Mtashuka na jina lenu, tutawaandikia kibao hapa."

Waliokwisha kuhamia huku chini wakapiga makofi. Loo! Nikaruka kusema sivyo, sikuwa na maana hiyo, koti likanasa kwenye msumari wa benchi, benchi likapinduka na walimu wenzangu watatu, mimi chini, miguu juu, mbele ya wanafunzi wangu, na kwa kuchanganyikiwa Kiswahili chote kikanitoka nikabaki napiga kelele, "No! No! Please!" Mmoja akapaza sauti, "Tafsiri, mwalimu!" Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nikasimama nikalia, wakazidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mkutano ukafungwa hivyo hivyo.

Tate peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama. Akavaa kofia yake.

Nilimfuata njia nzima ya kupanda, mpaka tulipofika kwenye chemchemi akanawa uso, akaniuliza bila kunitazama:

"Wale wenye bustani, walikwenda wapi?"

"Wepi, Tate?"

"Wa huko Marekani. Waliokatiwa miti yao."

Sikujua. Mwaka mzima nimekaa pale, nimekula, nimelala, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Tate akaniambia, "Basi hukufika huko," akaendelea kupanda.

Walishushwa kabla ya mvua, milango ya nyumba zao mabegani. Kule juu ikapandwa misonobari ya mbao, mkuyu ukakatwa. Tate aliniomba akifa nimrudishe kwa mama, na alipokufa hata mahali pa kaburi la mama hatukupatambua, misonobari mitupu, tukamzika huku chini karibu na kibao, kile alichoahidi yule bwana, herufi nyeupe.

Na sasa wageni wakija wakaniuliza hilo jina lina maana gani, nawaambia penye mkuyu. Wakiuliza uko wapi, nawaonyesha kibao. Na tangu siku ile mzee akiwa amesimama anasema, hata aniulize nani, mimi mdomo wangu nimeufunga mpaka aketi. Tate wangu siku ile hakuketi.