Mawese Ndani ya Kable

Gari la baba yangu lina bodi ya jipu iliyoachwa na wamisionari, injini ya kamionete ya mizigo, na giaboksi ya gari la tatu ambalo sijui lilifia wapi. Watu wa Baraka, mji wetu wa ziwani, huliita Sombe, kama ile mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu kila kitu kimo. Aliliunda mwenyewe kabla sijazaliwa, na hakuruhusu mkono mwingine uguse ndani yake isipokuwa wangu, tena mara nyingi kwa kumshikia taa tu.

Geji ya mafuta haikuwahi kufanya kazi, maana tangi nalo ni la gari jingine. Kwa hiyo Papa, ndivyo tunavyomwita baba, anahesabu kwa kontere, ile saa ya mwendo. Kila akimimina bidoni, dumu moja la mafuta, anaandika kwa chaki kwenye dashibodi namba iliyopo, na anajua ikifika wapi lazima amimine tena. Mimi nilijifunza kujumlisha kwenye dashibodi ile. Leo nafundisha hesabu, na bado nikiona chaki nasikia harufu ya mafuta.

Mwaka jana mafuta yalimwishia njiani mara mbili, akitoka Fizi milimani, kwa kaka yangu, na magunia ya maharage: mara moja kabla ya kuingia Baraka, mara nyingine alipoupita mji na kuendelea hadi karibu na Lweba. Kukwama na mali za watu kwenye barabara zetu si mchezo. Mara zote mbili kontere ilionyesha kwamba bado alikuwa na kilomita nyingi mbele yake. Papa aliapa kwamba bidoni aliimimina yote. Kaka yangu, yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa, mtu asiyejua kuzungusha maneno, alinipigia simu akasema mzee anasahau: anadhani amemimina, kumbe hakumimina.

Nilimkasirikia, kisha nikaenda kupima. Nikaliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, nikawasha, nikaingiza gia. Mshale wa kontere ukapanda vizuri, na namba zikageuka moja baada ya nyingine. Ningefurahi siku nyingine yoyote. Siku hiyo nilizima injini upesi, kwa sababu kama kontere ilikuwa nzima, basi kibovu kilikuwa baba yangu. Sijawahi kuomba kitu kiharibike kama nilivyoomba mchana ule.

Tukakubaliana na yaya, Papa asijue. Ningepanda naye Fizi safari moja. Nisipoona kasoro ya gari, funguo zingebaki huko kwake. Tulisema hivyo kwa simu, haraka haraka, kama watu wanaopanga mambo ya mtu mwingine. Papa bila Sombe ni mtu wa kukaa kwenye kiti na kuuliza kama chakula kimeiva. Nilijua hivyo, na bado nilikubali.

Tulipanda saa saba mchana, jua la ziwani likiwa bado limetushika mgongoni. Sikutazama barabara, nilitazama mshale. Ulikaa pale ulipotakiwa kukaa, kona hadi kona. Papa alinisimulia jinsi alivyolichonga shimo la dashibodi kwa patasi ili kontere ienee. Baada ya daraja alinisimulia tena, kwa maneno yale yale. Zamani nisingejali, wazee wote hurudia. Lakini nilikuwa nimeanza kuhesabu kila kitu.

Tulilala kwa yaya, na asubuhi Fizi ilikuwa na ukungu na baridi ya kuvaa koti. Papa alikuwa ndani anakunywa chai. Yaya alizitoa funguo kwenye msumari akasema analishusha gari barabarani tu, lakini niliona usoni mwake kwamba funguo hazitarudi kwa Papa. Nikapanda pembeni yake. Gari likatembea, mshale haukuinuka. Uliruka kidogo, ukaanguka, ukalala. Nikamshika mkono asimame.

“Iko baridi tu,” alisema yaya. “Gari ya zamani.”

Baridi. Nilizima gari mwenyewe, nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi na kufungua nati ya kontere kwa vidole. Ndani ya bomba la kable kuna waya unaozungushwa na giaboksi, nao ndio unaoizungusha kontere. Nilivuta, ukakataa. Nikavuta kwa mikono miwili, ukatoka polepole ukiwa umevaa kitu cha rangi ya chungwa, kizito, kimeganda. Sikuhitaji kunusa. Yalikuwa mawese.

Nilimweleza yaya nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Baraka kuna joto, mawese yanayeyuka, waya unazunguka bila shida. Ndiyo maana nilipopima sikuona kitu. Huku juu asubuhi yanaganda, waya unakuwa mzito, na ncha yake iliyolika inateleza. Gari linateremka, kontere imelala. Kilomita za asubuhi hazihesabiwi kabisa, na mafuta yanaisha kabla ya namba ya chaki kufika. Papa hakusahau bidoni hata moja.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Yaya akashusha pumzi, akasema atamwomba mzee msamaha moyoni, si kwa mdomo. Kisha akaenda kuleta petroli ya kuoshea waya, nami nikabaki nauangalia.

Hapo furaha ikaniishia. Nilipokuwa na miaka tisa nilitia mawese kwenye bawaba ya mlango wa Sombe, na Papa akanifukuza gereji wiki nzima. Kwake hakuna kosa kubwa zaidi. Magari ya huku hupanda na kushuka, joto na baridi katika siku moja, na mawese hayawezi safari hiyo. Nani basi aliyatia? Niliinama chini ya dashibodi nikaona alama ya kidole gumba, ya chungwa, iliyokauka kando ya nati. Kilikuwa kidole kifupi, kisicho na ncha. Ncha ya kidole gumba cha Papa ilikatwa na mkanda wa feni miaka mingi iliyopita.

Nikaifuta ile alama kwa kiganja changu, upesi, kama mwizi.

Papa alitoka na kikombe mkononi. Aliuona waya kabla ya kuniona mimi, akaushika, akausugua kwa vidole. Uso wake ulibadilika.

“Ni nani alitia mawese humu?”

Hakuwa akijifanya. Namjua. Yaya alikuwa anarudi na kopo la petroli, ameshafika karibu.

“Ni mi, Papa,” nilisema.

“We? Mwalimu muzima?” Akatikisa kichwa. “Mawese ni ya sufuria, haiko ya motokari. Huku juu inalala. Mama, nilikuambia tangu ulikuwa mutoto.”

Alinigombeza mbele ya majirani, akiniita Mama kama anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni, nami nikainamisha kichwa. Akauosha waya mwenyewe, akapaka grisi, akaikunja ncha kwa koleo hadi ikabana, bila kukosea hatua. Yaya alimtazama, akatoa funguo kwenye mfuko wa koti, akampa. Kisha akaniuliza pembeni kama kweli ilikuwa kable tu.

“Kable tu,” nilimjibu.

Tukateremka na magunia, Papa akiwa kwenye usukani. Mshale ulisimama imara, na namba ziligeuka kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimekaza miguu sakafuni kana kwamba breki ziko upande wangu. Nilikuwa nimemrudishia gari kwa uongo, na nilijua kwamba kontere ikishakuwa nzima sitakuwa na kitu kingine cha kulaumu.

Tulipoanza kuliona ziwa, alipunguza mwendo na kuigonga kontere kwa kidole chake kifupi, ameridhika. Akanigeukia.

“Mama,” aliniuliza kwa upole, “ni nani alitia mawese kwa hii kable?”

“Ni mi, Papa,” nilisema, naye akaanza kunieleza upya.