Kompyuta Iliyovishwa Kaniki

Hafsa amewaandikia barua nusu ya watu wa mtaa wetu hapa Palma, na bado wakimtaja humwita "mke wa Rafique fundi umeme". Jambo hilo limenichosha siku nyingi. Rafique alikuwa fundi mzuri na mume mwema, Mungu amrehemu, lakini kompyuta ya nyumbani kwao ilinunuliwa kwa vidole vya Hafsa. Alijifunza kupiga chapa Pemba ya huku Msumbiji angali msichana, akafanya kazi ofisi ya serikali kule Mbau, vita vilipokuja akakimbia kama tulivyokimbia sote. Tuliporudi, nyumba yao ilikuwa imebakiwa na chumba kimoja chenye bati. Wakaweka kitanda upande huu na kompyuta upande ule, na Rafique akapanua dirisha ili wateja wahudumiwe kutoka nje. Mtu wa kijiji cha Mute akitaka barua ya maombi, mwalimu akitaka ripoti yake, wote walikuja dirishani kwa Hafsa.

Kisha homa ikamchukua Rafique, na Hafsa akaingia eda. Aliishika eda yake sawasawa. Hakujipaka manukato, hakutoka nje ya ua, wala mwanamume wa nje hakukanyaga chumba kile. Lakini watoto hula hata mama akiwa eda, kwa hiyo aliendelea kupiga chapa mle mle ndani, na mimi jirani yake nikawa napokea karatasi dirishani na kumpa. Hakuna aliyenung'unika. Angenung'unika nani, na wote walikuwa na barua zao mle?

Balaa lilikuja siku ya hitima. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya Rafique, amevaa jezi ya manjano, koleo mkononi, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Mgeni mmoja, mwanamke asiyekosa la kusema, akaropoka kwamba haipendezi maiti kuchekacheka kwenye tanga. Mama mkwe, Bi Zuleica, akainamisha kichwa akasema ifichwe. Hafsa alikuwa uani anatawadha. Basi akaingia Chamsudine, mdogo wake marehemu, kijana mwenye moyo mzuri na mikono isiyotulia. Angeweza kuizima kompyuta. Angeweza kuifunika kanga. Yeye akaingia kwenye mipangilio, na kila mashine ilipomuuliza rangi, akachagua nyeusi. Nyuma nyeusi, maandishi meusi, vitufe vyeusi. "Msiba ni msiba," akatuambia, akatoka anajiona kafanya la maana.

Yaani aliivisha kompyuta kaniki, tena akaivuta mpaka ikafunika macho.

Kesho yake Hafsa akaiwasha. Ikamwomba neno la siri, akaliandika, mara giza. Akaizima, akaiwasha tena, giza lile lile. Ripoti ya mwalimu ilikuwa mle ndani, na barua za watu, na mkate wa watoto. Chamsudine alipoitwa aliangalia, akakuna shingo, akaona haya kusema ni yeye. Akasema mashine imekufa, vitu vya marehemu wakati mwingine humfuata mwenyewe. Anamjua mtu kule Mocímboa anayenunua mashine mbovu. Ataipeleka, na kitakachopatikana kiingie kwenye mirathi.

Nilitamani kumzaba kofi, na ningemzaba kama si mahali pa msiba.

"Dada Chamima," Hafsa akaniambia, amekaa mbele ya kile kioo cheusi kama anayesubiri zamu hospitali, "nimechoka. Waichukue tu."

"Ukishaitoa hairudi," nikamwambia. "Na wewe mpaka eda iishe utakula nini? Kisha utaanza na nini?"

Hilo alilijua kuliko mimi.

Nikaenda kumtafuta Estêvão, kijana wa Nampula anayetengeneza kompyuta za wilaya. Nilipomleta, Chamsudine alikuwa tayari mlangoni na gunia la kutilia, maana gari la Mocímboa lilikuwa linapakia. Bi Zuleica alikaa kwenye mkeka pale kizingitini.

"Com licença, mamã," Estêvão akaomba ruhusa kwa Kireno. "Naingia kidogo tu, naangalia."

"Ntu wa nje haingii humu," Bi Zuleica akamjibu. "Nke yuko eda, na kitanda chake ndicho hicho."

"Basi mnitolee kompyuta hapa nje."

"Haitoki," Hafsa akasema kutoka ndani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku hiyo kumsikia akipaza sauti. Alikuwa akilitazama lile gunia.

Estêvão akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Mwisho nikatundika kanga dirishani, yeye akasimama nje ameipa kanga mgongo, akaanza kuuliza maswali kama daktari aliyekatazwa kumshika mgonjwa.

"Senhora, neno la siri inakuomba?"

"Inaniomba. Nikishaandika tu, giza."

"Hapo kwenye neno la siri unaona vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Então, basi haijafa. Ntu kagusa rangi. Nani kagusa rangi?"

Chamsudine akaanza kulikunja gunia, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akasema polepole kwamba labda yeye, siku ya hitima, kwa heshima. Sikuweza kumfokea tena. Alikuwa ametoa macho kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Basi sikiliza, senhora. Bonyeza Alt na Shift kwa pamoja, usiziachie, kisha Print Screen, rangi za mwanzo zirudi. Mara moja."

Hafsa hahitaji kuona vitufe, vidole vyake vinavijua. Akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena. Giza. Akaegemea kiti akafumba macho, nami nikasikia jinsi alivyoishusha pumzi, nikajua kwamba akiinuka pale hatakaa tena.

"Umebonyeza Shift ipi?" Estêvão akauliza kutoka nje.

"Ya kulia. Ndiyo ninayoitumia siku zote."

"Zote za kushoto. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto."

Akainua mikono kama anayeinua ndoo iliyojaa, akabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio mdogo, ikawaka, na Rafique akatokea na jezi yake ya manjano, anatuchekea.

"Imefunguka?" Estêvão akauliza. Tulimsahau maskini. Hafsa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Aliposhusha mkono, alisema jambo ambalo sikulitegemea.

"Imefunguka, ahsante. Sasa nielekeze namna ya kuiondoa hii picha. Nisije nikaambiwa tena."

Estêvão akaanza kumwelekeza. Hapo Bi Zuleica akainuka kwenye mkeka, mkono ukutani, akaingia akasimama karibu kabisa na kioo. Tangu jeneza la mwanawe litoke nyumbani alikuwa hajalia mbele yetu.

"Nwache," akasema. "Nwache hapo. Picha zake nilizokuwa nazo ziliungua zote na nyumba. Niliposema afichwe nilikuwa naogopa maneno ya watu." Akageuka mlangoni. "Chamsudine, rudisha gunia la watu. Hiki kioo hakitoki. Kikitoka, mie mwanangu nitamwona wapi?"

Chamsudine akaondoka na gunia, na baadaye nikasikia gari la Mocímboa likipita bila yeye.

Hafsa alikuwa bado ameshika kipanya. "Lakini, mama, mwalimu anaisubiri ripoti yake. Nikianza kazi, kazi itanfunika."

Bi Zuleica akarudi nyuma hatua moja, akampisha.

"Fanya kazi, mwanangu," akasema. "Ukimaliza, nifungulie tena."

Hafsa akaifungua ripoti, karatasi nyeupe ikajaa kwenye kioo, Rafique hakuonekana tena. Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda, akayakaza macho pale pale, akingoja ripoti ya mwalimu imalizike.