Begi Langu la Misimu Yote

Anayewaandikia haya ana diploma ya utalii ya Ubelgiji, aliyoilipia mwenyewe kwa kuosha sahani. Basi Papa wa mchumba wangu Furaha aliponialika kupanda mlima na kikundi chao cha maombi, nilicheka moyoni. Nani angenifundisha mlima?

Darasani tulifundishwa kuweka koti la mvua juu kabisa ndani ya begi. Mimi nililiweka chini ya sweta na viatu vya akiba, maana juu nilitaka kuku wangu wa kukaanga awe karibu.

Asubuhi tulipotoka Bunia, wenzangu walibeba Biblia na vitenge tu.

“Bokilo, unahama?” mama wa Furaha aliuliza, akiniita mkwe kwa Kilingala.

“Mama, miye nimejitayarisha kwa jua na kwa mvua!”

Tulipofika juu ndipo Papa akatangaza kwamba ni mfungo: hakuna kula hadi tushuke. Na tukishuka, angenipa jibu la posa yangu. Nikanyamaza kuhusu kuku. Lakini walipofumba macho kuomba, nilichomoa paja, nikaitikia “Amina” huku natafuna.

Mvua ikaanza. Mama akatetemeka.

“Bokilo iko na koti,” Papa akasema, akivuta begi.

“Nitatoa mwenyewe, Papa!”

Zipu ilikuwa imeshafunguka. Akatazama ndani, kisha akatazama midomo yangu iliyong’aa mafuta. Kikundi kizima kilikuwa kimefumbua macho.

“Bokilo,” akauliza polepole, “na hii kuku, nayo ilikuya kufunga?”